Jumba la soka Manchester, na karani asiyehesabu marobota

Swali: Mwalimu, salaam kutoka Tanga. Mwezi ujao nakwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Salford, Uingereza. Mjukuu wangu wa miaka 11 ameshanipangia ratiba: siku nzima kwenye makumbusho ya soka ya Manchester. Tunabishana kwenye simu. Yeye anasema mchezaji wa kwanza kulipwa duniani alikuwa Mskoti mmoja, Fergus Suter. Mimi nasema Waingereza wamelipana tangu siku ya kwanza, wale si watu wa kukimbia bure. Ujanani nilichezea timu ya shirika moja. Kwenye makaratasi nilikuwa karani wa kuhesabu marobota ya mkonge, ingawa marobota yenyewe sikuyahesabu. Tumewekeana dau la aiskrimu. Nani kashinda? Na nikifika pale nitazame nini? Magoti yangu hayataki mizunguko mingi.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nimecheka nilipofika kwenye marobota, na sababu utaiona mbele kidogo. Kuhusu dau, mmekosa wote wawili, ila mjukuu amekaribia zaidi yako.

Wewe umekosea pale uliposema "tangu siku ya kwanza". Siku ya kwanza ya chama cha soka cha Uingereza, FA, ni tarehe 26 Oktoba 1863, katika baa ya London iliyoitwa Freemasons' Tavern. Waliokaa pale walikuwa watu wa tabaka la juu na la kati, wengi wao wametoka shule za mabwana. Mwaka ule ule walipitisha sheria 13 za mchezo. Ndani yake hakuna refa, hakuna penalti, na mchezaji anaruhusiwa kudaka mpira wa juu kwa mikono. Habari ya malipo nayo haimo kabisa. Hawakuikataza, haikuwapitia akilini. Mtu mwenye shamba, ofisi na farasi hasubiri posho ya mechi ya Jumamosi.

Fedha iliingia kwa mlango wa nyuma, kutoka kaskazini kwenye viwanda. Kufikia miaka ya 1870 wafanyakazi wa viwanda vya nguo walikuwa wakitoka kazini Jumamosi mchana, sheria ikiwalinda. Watu wana nusu siku yao, wana peni chache mfukoni, na hawana pa kwenda. Ukiuzungushia uwanja uzio na kuweka mtu mlangoni, umepata biashara. Hata ile desturi ya mechi kuanza saa tisa alasiri, ambayo mjukuu wako anaijua kwenye televisheni, imetoka kwenye king'ora cha kiwanda.

Sasa nije kwa mtu wako. Namwita mtu wako kwa sababu ungemwelewa kuliko wasomaji wangu wengi. Anaitwa James Lang, Mskoti kutoka Glasgow, na jicho lake moja lilikuwa halioni. Mwaka 1876, miaka miwili kabla Suter hajahamia England, alikwenda Sheffield kuichezea klabu ya Wednesday. Akapewa kazi katika kiwanda cha visu ambacho mmiliki wake alikuwa mmoja wa viongozi wa klabu. Kazi gani hasa? Hakuna aliyeweza kuitaja. Inasimuliwa kwamba alikuwa akishinda anasoma gazeti mpaka siku ya mechi ifike. Yeye na visu, wewe na marobota.

Je, Lang ndiye wa kwanza? Ndiye wa kwanza ninayeweza kumtaja kwa jina bila kusitasita. Malipo ya chini ya meza hayaandikiwi risiti, kwa hiyo sitamwapia mtu yeyote. Lakini kama dau ni Suter au kabla ya Suter, basi kabla ya Suter kulikuwa na Lang.

Suter mwenyewe anastahili umaarufu wake, maana kwake ndipo jambo lilipopasuka hadharani. Alikuwa mwashi kutoka Partick, Glasgow. Timu yake ilikuwa imecheza Darwen, mji mdogo wa viwanda vya pamba huko Lancashire, na mwaka 1878 akarudi Darwen kukaa. Mwanzoni alifanya kazi yake ya uashi, kisha akaiacha. Sababu aliyotoa naipenda sana: mawe ya Uingereza ni magumu kuliko ya kwao, yanamvimbisha mikono. Baadaye alipostaafu alieleza kwa mwandishi wa gazeti jinsi mambo yalivyokwenda. Mshahara maalumu haukuwapo. Mchezaji aliweza kukaa wiki tatu bila kitu, halafu akaenda kuonana na mweka hazina na kuomba pauni 10. Na hakuwahi kunyimwa. Pauni 10 siku hizo mwashi angezitafuta kwa wiki kadhaa, kuvimba mikono juu.

Kilichowafanya Waskoti watafutwe hivyo ni pasi. Mabwana wa London walicheza kwa kupiga chenga: mtu mmoja anachukua mpira na kukimbia nao, wenzake wanamfuata nyuma kama kundi la mbuzi, akinyang'anywa anayefuata anauchukua. Waskoti walikuwa wamegundua kwamba mpira ukipewa mwenzako aliye wazi unafika haraka kuliko miguu yako. Leo jambo hilo linaonekana la kitoto, lakini wakati ule lilikuwa ujuzi wa kununuliwa, na waliokuja nalo wakaitwa maprofesa wa Uskoti.

Mwaka 1879 Darwen walifika robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Old Etonians, wahitimu wa shule ya Eton. Mechi ilikuwa London. Darwen wakafungwa tano kwa moja, wakarudi wakasawazisha tano kwa tano. Wakaomba muda wa ziada. Old Etonians wakakataa. Kukataa kwao kuna maana kubwa, kwa sababu marudiano yalikuwa London tena, na wachezaji wa Darwen walikuwa watu wa viwandani. Kila safari ni siku za kazi zimepotea na nauli ya treni juu. Mji mzima ukachangishana ili timu irudi. Marudiano ya kwanza yakawa mbili kwa mbili. Safari ya tatu kusini Darwen wakachoka, wakalala sita kwa mbili, na Old Etonians wakaenda kulichukua kombe. Mimi nikiulizwa soka la kulipwa lilianzia wapi, nataja ile michango ya nauli ya Darwen kabla ya mshahara wa mtu yeyote. Mtu asiye na mali hawezi kucheza "ridhaa" dhidi ya mwenye mali na uwanja ukawa sawa.

Miaka minne baadaye deni likalipwa. Blackburn Olympic, timu ya mafundi na wasokota nyuzi, iliifunga Old Etonians mbili kwa moja katika fainali ya 1883, baada ya muda wa ziada. Nahodha wao Albert Warburton alikuwa fundi bomba. Bao la ushindi lilifungwa na Jimmy Costley, msokota nyuzi. Ila kilichowaudhi mabwana zaidi ni kwamba Olympic waliweka kambi. Ndiyo, kambi kama tunayoijua sisi: waliondoka mjini kwenda Blackpool, pwani, wakatembea mchangani alfajiri na kulishwa kwa ratiba. Imesimuliwa kwamba asubuhi walipewa mvinyo na mayai mabichi, na usiku chaza sita kila mtu. Nani aliwalipia siku hizo zote wasipokwenda kiwandani? Magazeti ya kusini yaliuliza, na kila mtu kaskazini alijua jibu akanyamaza.

Aliyeacha kunyamaza ni William Sudell wa Preston. Huyu alikuwa meneja wa kiwanda cha pamba na mwendeshaji wa Preston North End, mtu wa mahesabu, aliyekusanya Waskoti kama mtu anavyokusanya kuku wa mayai. Januari 1884 Preston walitoka sare ya moja kwa moja na Upton Park ya London katika Kombe la FA. Upton Park wakakata rufaa: hawa wanalipwa. Desturi ilikuwa kukana mpaka mwisho. Sudell akakiri kwamba amewaleta wachezaji na kuwatafutia kazi mjini, akaongeza kwamba kila mtu anafanya hivyo. Preston wakaondolewa mashindanoni. Lakini neno limeshatoka. Klabu za kaskazini zikatishia kujitoa na kuunda chama chao, na FA ikaona inaweza kubaki na kombe lisilo na washindani.

Tarehe 20 Julai 1885, katika hoteli ya Anderton's huko Fleet Street, London, FA ikaruhusu malipo. Iliruhusu kwa kununa. Mchezaji wa kulipwa ilibidi aandikishwe kila mwaka, na ili acheze kombe awe amezaliwa au ameishi miaka miwili ndani ya maili sita kutoka uwanjani. Uskoti, walikotoka maprofesa wenyewe, waliendelea kukataa mpaka 1893.

Mishahara ikishakuwa halali lazima ipatikane kila wiki, na mechi za kirafiki zilikuwa zinavunjika ovyo. Hapo ndipo William McGregor wa Aston Villa, Mskoti muuza vitambaa, alipoandika barua Machi 1888 kupendekeza klabu chache zipangiane mechi za nyumbani na ugenini kila msimu. Aprili 17 wakakutana Royal Hotel, Manchester, na ligi ikazaliwa, klabu 12. Mwulize mjukuu azitaje. Atasema Manchester United, Liverpool, Arsenal, na atakosa zote. Sita zilitoka Lancashire, sita katikati ya England, na London haikuwa na hata moja. Preston wakamaliza msimu wa kwanza wameshinda mechi 18 na kutoka sare nne, hawajafungwa, na juu yake wakachukua Kombe la FA bila kuruhusu bao. Sudell alifikia kilele. Mwaka 1895 akafungwa jela kwa kuchota zaidi ya pauni 5,000 za kiwanda alichokisimamia. Alipotoka akahamia Afrika Kusini akawa mwandishi wa michezo huko Cape Town.

Basi ukiingia pale jumbani usikimbilie vinavyong'aa. Jengo lenyewe utalijua kwa mbali: la vioo, limekatwa mshazari kama kipande cha keki, karibu na stesheni ya Victoria na kanisa kuu. Makumbusho haya yalianzia Preston mwaka 2001, kando ya uwanja wa Deepdale, yakahamia Manchester 2012. Watu wa Preston hawajasamehe, na nikikaa nao siwalaumu.

Kitu cha kwanza ninachowapeleka wageni wangu ni jezi ya England ya mwaka 1872, iliyovaliwa na Arnold Kirke Smith katika mechi ya kwanza ya kimataifa, England na Uskoti, sare ya bila kufungana mjini Glasgow. Simama mbele yake na mjukuu na umwulize namba iko wapi. Mdhamini je? Inafanana na shati la kulalia kuliko jezi. Miaka 16 tu inaitenganisha na ligi ya kulipwa.

Kisha uliza mapokezi kama Kombe la FA la 1896 linaonyeshwa siku hiyo, maana vitu vya kuazimwa huja na kuondoka. Ni la pili. La kwanza liliibwa Septemba 1895 kwenye dirisha la duka moja Birmingham, Aston Villa wakiwa ndio mabingwa, na halikuonekana tena. Na mwambie mjukuu mapema asije akalia: jezi ya Maradona ya lile bao la mkono dhidi ya England, 1986, ilikaa pale kwa miaka, lakini mwaka 2022 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni saba.

Mtu mmoja nakusihi usimpite ni Arthur Wharton. Alizaliwa Accra, Ghana ya leo, mwaka 1865, akaja Uingereza kusoma. Julai 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili uwanjani Stamford Bridge na kuwa bingwa wa taifa. Akadakia hao hao Preston wa Sudell akiwa wa ridhaa, wakafika nusu fainali ya kombe mwaka 1887. Mwaka 1889 akasaini Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa. Ni mweusi wa kwanza kucheza soka la kulipwa, na alikuwa kipa. Alifariki mwaka 1930 akiwa mchimba makaa ya mawe, akazikwa kaburi lisilo na jina. Jiwe la kaburi liliwekwa 1997, na mwaka 2003 akaingizwa katika orodha ya magwiji ya makumbusho haya. Mimi mtu huyu hunichosha moyo kila mara, ndiyo maana namweka katikati ya ziara, si mwisho.

Kwa nini gwiji afe mchimba makaa? Wharton ana mambo yake, ikiwemo rangi, lakini hata wenzake weupe hawakutajirika. Waliohalalisha mshahara waliuwekea dari. Kuanzia 1901 hakuna aliyeruhusiwa kupata zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata uwanja ujae namna gani. Na kuanzia 1893 klabu iliweza kumzuia mchezaji asiende kwingine hata mkataba wake ukiisha. Hebu fikiri, mwaka 1905 Middlesbrough waliilipa Sunderland pauni 1,000 kumpata Alf Common, huku Common mwenyewe akirudi kwenye pauni zake nne. Desemba 1907 wachezaji wakakutana Imperial Hotel, hapo hapo Manchester, wakaunda chama chao. Kinara alikuwa Billy Meredith, winga wa Wales aliyeanza utotoni kwenye mgodi wa makaa, aliyecheza na kijiti mdomoni muda wote. Dari liliondolewa 1961, likiwa limefika pauni 20. Mwaka huo huo Johnny Haynes wa Fulham akapewa 100 kwa wiki.

Kwa hiyo, mzee wangu, neno "soka la kulipwa" tunalolitamka kirahisi lilikuwa ugomvi wa karibu miaka mia: kwanza kama mchezaji alipwe, kisha kiasi gani, kisha kama anaweza kuondoka. Wewe na marobota yako mlikuwa kwenye hatua ya 1876.

Mambo ya vitendo, haraka. Wakazi wa jiji la Manchester huingia bure wakionyesha uthibitisho wa anwani, lakini Salford ni jiji jingine, hata kama binti yako anavuka daraja tu. Kwa hiyo tarajieni kulipa, na muangalie bei mtandaoni kabla. Nendeni siku ya shule asubuhi ikiwezekana. Wikendi yenye mechi mjini mtasukumana. Lifti ipo, magoti yasikutishe. Mpeleke mjukuu kwanza kwenye michezo ya kupiga penalti, amalize pumzi zake, ndipo atakusikiliza. Saa tatu zinatosha.

Mkipata siku ya pili, pandeni treni hadi Preston, safari haifiki saa moja. Deepdale bado uko pale pale na bado unachezewa.

Kabla hamjatoka kwenye makumbusho, tafuteni humo sanamu ya Lily Parr. Aliichezea Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake wa kiwanda cha Preston, iliyoingiza watu 53,000 uwanja wa Goodison Park siku moja baada ya Krismasi ya 1920. Mwaka uliofuata FA ikawafungia wanawake viwanja vyake, marufuku iliyokaa kwa nusu karne. Sanamu ni ya 2019, ya kwanza ya mwanasoka wa kike Uingereza. Hapo ndipo pazuri pa kupumzika na kumaliza hesabu ya dau. Aiskrimu nunua wewe, maana kosa lako lilikuwa la miaka 13 na lake la miaka miwili.